Miezi 4 kilo 11 tu? Dada wa Tanga, hebu kaa tuongee

Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja wa Tanga, nimeisoma mara tatu na usingizi ukapaa. Kafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo miezi 4 iliyopita, kapungua kilo 11, mwenzake waliyefanyiwa siku moja kapungua 27, mumewe kaanza kumwangalia lile jicho la "hela yangu imeenda wapi", na swali lake ni moja tu, "Mama Nasra, mi nimefeli?" Nimemwomba ruhusa nimjibu hapa hapa bila kumtaja jina, maana najua mko wengi mnaojiuliza hivyo kimoyomoyo, na mi mwenyewe swali hilo nimelala nalo miezi kadhaa kabla sijapata wa kunijibu.

Hapana mdogo wangu, hujafeli. Ila kuna uwezekano mkubwa kuna kitu unakunywa. Ngoja nianze mwanzo.

Mi nilifanyiwa India, Chennai, sasa hivi natimiza miezi 20. Nilipanda mezani nikiwa na kilo 124 na urefu wa sentimita 161, ukipiga hesabu ya uzito kwa urefu inakuja 48, na kuanzia 40 madaktari wanahesabu ni daraja la juu kabisa la unene. Sukari nilikuwa nayo mwaka wa 9, nachoma insulini asubuhi na jioni, magoti yameisha, ngazi za ghorofa moja tu napumzika mara mbili. Kwa hiyo wale wanaosema tunakatwa ili tuvae magauni ya kubana, naomba leo wanipishe.

Alafu hapo hapo niseme, mtaani wanaita "kukata utumbo" lakini kwenye aina niliyofanya mi utumbo haukuguswa. Kinachokatwa ni tumbo lenyewe, ule mfuko wa chakula, wanatoa kama robo tatu au zaidi kidogo na kinachobaki kinakuwa chembamba kama ndizi. Sehemu ile inayotolewa ndo inatengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, ndo maana miezi ya mwanzo unaweza kushinda bila hata kukumbuka chakula. Kuna aina nyingine, inaitwa baipasi, hiyo ndo wanaugusa na utumbo mdogo. Ujue umefanyiwa ipi, nimekutana na watu hawajui kabisa.

Niliondoka hospitali na karatasi mbili za chakula. Nizipate wapi tena karatasi kama zile! Siku za mwanzo maji maji yanayoonekana upande wa pili, kisha vya maji vizito, wiki ya 3 na ya 4 vya kusagwa, kisha vilaini, na kuanzia wiki ya 7 au 8 chakula cha kawaida kidogo kidogo. Shida ni kwamba vyakula vyote ni vya kwao. Imeandikwa idli, paneer, curd, moong dal, ragi. Nimerudi Dar nimekaa jikoni kwangu Tabata na hizo karatasi kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Ugali hamna, dagaa hamna, mlenda hamna. Binti yangu ndo akaanza kutafuta kwenye simu moja moja, curd kumbe ni mtindi, moong dal ni choroko za kukobolewa, na ragi, jamani, ragi ni ulezi! Nilifurahi kama nimekutana na ndugu ugenini. Mama alivyosikia ulezi akasema hilo niachieni mimi.

Na hapo ndipo kosa lilipoingia, ndani ya kitu cha mapenzi kabisa.

Mama akawa anatoka Kigamboni na chupa ya chai ya bluu, ile ya lita moja, imejaa uji wa ulezi wa maziwa. "Kunywa mwanangu, umekatwa tumbo, uji ndo unaunga." Kwa wiki ya 3 na ya 4 uji ulikuwa sawa, haukuwa kosa. Na kilo zilishuka, ndani ya wiki 3 nilikuwa 116. Kisha mzani ukaganda. Wiki nzima 116, wiki ya pili 116. Mi nikalia, kumbe wengi wanagandia hapo hapo, kwenye wiki ya 3. Zile kilo za mwanzo nyingi ni maji, mwili ukimaliza akiba yake ya wanga maji yanatoka nayo, alafu unatulia unajipanga upya. Laiti ningeambiwa mapema nisingekesha.

Mwezi wa 3 nikawa 112. Mwezi huo huo kukawa na harusi ya mtoto wa kaka wa mume wangu, Temeke. Nilikuwa nimesharuhusiwa nyama, nikaweka sahani yangu ndogo, wali vijiko viwili na kipande kimoja cha nyama ya pilau. Watu wanaongea, muziki unapiga, nikasahau kutafuna. Kile kipande kikakwama hapa katikati ya kifua. Asiyewahi kukwamwa siwezi kumweleza, ni kama mtu amekukanyaga kwa ndani, mate yanajaa mdomoni mazito kama povu la sabuni, machozi yanatoka yenyewe. Nikakimbilia chooni na gauni langu la sare nikakaa huko nusu saa. Nilivyotoka wifi yangu yuko mlangoni na wenzake wawili, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini akasema, kwa sauti ya kusikika, "Milioni 18 za kiwanja, na gauni bado ni lile lile."

Kiwanja anachosema ni cha Chanika. Mume wangu alikiuza kwa ajili yangu, kwa hiari yake, hakuwahi kunisimanga hata siku moja. Lakini neno lile lilinikaa. Nimeshamsamehe wifi, tunapika jiko moja kwenye misiba, ila nikisema nimesahau nitakuwa muongo.

Kuanzia siku ile nikaiogopa nyama. Nikaogopa samaki, nikaogopa hata yai la kuchemsha. Nikarudi kwenye chupa ya bluu. Asubuhi uji, saa 5 uji, jioni uji na katikati chai ya maziwa na biskuti mbili za kuchovya maana biskuti zinayeyuka, haziumi. Nilijiona nina nidhamu kupita watu wote, sili kabisa! Na mzani ulitoka 112 ukaenda 110 ukasimama hapo wiki 7. Wakati huo huo dada mmoja wa Nairobi tuliyelala naye wodi moja kule Chennai ananitumia picha WhatsApp, kapungua kilo 31. Nikawa nazifungua chumbani peke yangu.

Nilienda kwa daktari mmoja hapa hapa mjini, simtaji wala sitaji hospitali, akasoma faili, akaniangalia, akasema, "Mama, upasuaji umefanyiwa, sasa uvivu nao tuutoe vipi?" Hajauliza ninakula nini. Hajauliza ninatumia dawa gani. Dakika 4 nimetoka. Nakuandikia hili ili ukikutana naye wa hivyo usikubali ikawa ndo hukumu yako, tafuta mwingine.

Wa kwangu mwingine alikuwa afisa lishe, mama mtu mzima, mpole. Akaniambia nirudi Jumatatu na nimeandika kila kinachopita mdomoni, cha kula na cha kunywa, na nije na hiyo chupa. Nikaja nayo. Akachukua kalamu tukapiga hesabu ya vinavyoingia kwenye ile lita moja: unga wa ulezi gramu 100, maziwa nusu lita, siagi ya karanga vijiko viwili vya chakula, sukari vijiko vinne vya chakula. Akapiga mstari chini. Karibu kalori 1,000. Uji peke yake! Na mtu wa miezi 5 baada ya upasuaji kama wa kwangu, chakula chake chote cha siku huwa kinacheza humo humo kwenye 800 hadi 1,000.

Akanielewesha kitu ambacho nataka dada wa Tanga ukisome taratibu. Tumbo lililobaki linafanya kazi kwa kujaa. Chakula kigumu kinakaa mle, kinalijaza, unashiba kwa vijiko vichache na shibe inadumu. Cha maji maji au cha kuyeyuka kinateleza kinapita, dakika chache pako wazi tena, kwa hiyo unaweza kunywa lita nzima kutwa na lisikuambie kitu. Uji, juisi, soda, chai ya maziwa ya sukari, biskuti, krispi, kashata, vyote hivyo havibishani na tumbo dogo. Mi nilikatwa tumbo alafu nikaliacha halina kazi.

Basi nikaanza upya mwezi wa 5, protini kwanza. Sahani ikija, unaanza na samaki, kuku, yai, maini, dagaa, maharage, ukishamaliza hicho ndo mboga, ukibaki na nafasi ndo ugali, na mara nyingi nafasi hamna. Protini kwanza. Mi nimeambiwa nisishuke chini ya gramu 60 kwa siku, na kwa chakula chetu inawezekana bila kununua makopo ya unga ya bei mbaya: mayai mawili asubuhi yanakupa kama 12, kikombe cha mtindi kama 8, kipande cha samaki wa kutosha kiganja bila vidole 18 au zaidi, jioni kuku kiasi hicho hicho na choroko vijiko kadhaa, umefika. Nyama niliirudia kwa kuanza na samaki wa kuchemsha, kibua, nakatakata vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, kijiko cha chai, natafuna mpaka kinakuwa uji mdomoni (uji wa hivyo ndo unaoruhusiwa), naweka kijiko chini, nasubiri. Dakika 20 hadi 30 mlo mmoja. Simu mbali. Na maji hayanywewi na chakula, unasubiri nusu saa baada ya kula, kisha unakunywa kidogo kidogo kutwa nzima mpaka lita moja na nusu au mbili. Ukishushia chakula na maji umerudi kwenye uji ule ule.

Chupa ilipokoma mzani ukaanza kuteremka, sio kwa kasi. Kilo 2 kwa mwezi, mwezi mwingine moja, mwezi mmoja sifuri kabisa. Mwaka ulipotimia nilikuwa 98. Leo asubuhi nina 89. Jumla 35. Yule wa Nairobi alianza na 146, ana miaka 29, hana sukari. Mi nina 47 nimeanza na 124 nikiwa na sukari ya muda mrefu. Anayeanza na kilo nyingi anapoteza kilo nyingi, umri unachangia, sukari na insulini zinachelewesha, tezi ya shingo ikilegea inachelewesha, dawa zingine zinachelewesha. Sasa kwanini nilikuwa najipima kwa mwili wake? Kwanini wewe unajipima kwa wa mwenzako?

Na hili ndo linaloniuma mpaka leo nikilikumbuka. Zile wiki 7 nalia na mzani, insulini nilikuwa nimeshaachishwa na daktari tangu wiki ya kwanza baada ya upasuaji. Wiki ya kwanza! Sukari kwa wengi inashuka hata kabla kilo hazijashuka. Kile kipimo cha damu kinachoonesha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kilitoka 9.4 kikaja 6.2. Miaka 9 najichoma sindano, zikaisha, na mi sikufanya hata sala ya shukrani kwa sababu gauni lilikuwa lile lile. Wanawake wenzangu, tumefundishwa kujiangalia kwa macho ya mawifi na majirani, tunaenda kwenye kisu tukiwa na magonjwa ya kutuua, tukitoka tunauliza kiuno kiko wapi. Tuache. Nasema kwa nguvu, tuache.

Vitamini zangu nameza kila siku na nitameza maisha yote, B12, D, kalsiamu, na za damu, yaani za madini ya chuma. Za damu hazimezwi na chai wala pamoja na kalsiamu, achanisha masaa mawili. Nywele zilinyonyoka mwezi wa 4 mpaka wa 7 nikafunga vilemba, zimerudi. Mimba subiri mwaka hadi mwaka na nusu. Dawa za maumivu kama diklofenaki usimeze bila kumuuliza daktari wako, na za sukari au presha usiache wala kupunguza mwenyewe eti kwa sababu mi niliachishwa.

Sasa dada wa Tanga. Umeniambia nawe una sukari na asubuhi unakunywa "kauji kadogo tu". Kuanzia kesho mpaka Jumapili andika kila kinachopita mdomoni, na hako kauji ukapime kwa kikombe, na vijiko vya sukari uvihesabu, kisha unitumie. Sukari yako pima asubuhi kabla hujala, andika pembeni, umwoneshe na shemeji hizo namba. Mzani usiupande mpaka wiki mbili ziishe. Chupa yangu ya bluu mama alirudi nayo Kigamboni, siku hizi anawekea maji ya moto ya kuoga.