Maswali Yenu: Kuhamisha Kumbukumbu za Wakala wa Akili Unde

SWALI: Duka letu lina wakala wa akili unde (si yule wa kibandani anayetoa pesa) anayejibu wateja. Kumbukumbu zake zimo kwenye faili la SQLite (hifadhidata inayokaa yote ndani ya faili moja). Nililinakili kwenye flashi nikalipeleka kompyuta mpya: ya mwezi jana yote yapo, ya siku nne za mwisho hayaonekani. Yamekwenda wapi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Yamebaki kompyuta ya zamani. Fungua folda ile uangalie vizuri: kando ya kumbukumbu.db huenda kuna kumbukumbu.db-wal na kumbukumbu.db-shm. Programu nyingi huendesha SQLite kwa mtindo ambao maandishi mapya hutua kwanza kwenye faili la -wal, kisha humwagwa kwenye faili kuu likifika kurasa 1,000, yaani kama MB 4, au programu inapofungwa vizuri. Kumbukumbu fupi mia kadhaa hukaa humo bila shida. Wewe ulinakili faili kuu peke yake, tena pengine wakala akiwa kazini.

Usifute kitu. Zima wakala kwenye kompyuta zote mbili, nakili .db na -wal (kama bado ipo) za zamani kwenye folda tupu bila kubadili majina, kisha ukiwa ndani ya folda hiyo toa amri hii kwenye dirisha la amri (terminal):

sqlite3 kumbukumbu.db ".backup nakala.db"

SQLite itaunganisha mafaili mawili hayo yenyewe. Lile la -shm hujitengeneza upya. Hakikisha tu hupachiki -wal ya zamani kando ya .db ambayo kompyuta mpya imeshaanza kuiandikia, maana hapo utaharibu yote mawili. Halafu endesha:

sqlite3 nakala.db "PRAGMA integrity_check;"

Ikijibu ok, hesabu mistari ya jedwali la kumbukumbu huku na huku, ulinganishe. Siku nyingine tumia .backup moja kwa moja. Hufanya kazi hata wakala akiwa hewani.

SWALI: Tunahama kutoka mfumo mmoja wa wakala hadi mwingine, na modeli ya kutengeneza vekta inabadilika pia. Tuhamishe vekta au maandishi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Maandishi. Vekta ni tarakimu zinazotokana na maandishi, ambazo wakala hutumia kutafuta kumbukumbu zinazofanana kwa maana, na kila modeli ina hesabu yake. Vekta ya modeli iitwayo all-MiniLM-L6-v2 ina tarakimu 384, ya text-embedding-3-small ina 1,536. Ukizichanganya, hifadhidata itagoma papo hapo, na hiyo ni bahati yako. Balaa ni modeli mbili zenye urefu sawa: text-embedding-ada-002 nayo hutoa 1,536. Hakuna kitakachogoma, ila wakala akitafuta "deni la Juma" ataletewa habari za unga, na mtamaliza wiki mkilaumu modeli ya lugha isiyo na kosa.

Toeni kila kumbukumbu kama mstari mmoja wa JSON (maandishi ya kawaida yanayotaja jina la kila kitu na thamani yake), kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8, mfano:

{"id":"k-0412","mteja":"m-014","maandishi":"Mzigo apelekewe kesho saa 3 asubuhi","iliundwa":"2025-03-02T09:15:00+03:00"}

Kisha mfumo mpya uchakate vekta upya kutoka kwenye "maandishi". Andikeni pia, hata kwenye faili la pembeni, jina kamili la modeli ya vekta iliyokuwa ikitumika.

Uangalieni tena mstari huo, maana una mitego miwili. Wa kwanza ni tarehe. Mifumo mingi hupiga muhuri wa siku ya kuingiza badala ya siku ya kuundwa. "Kesho" ya Machi inageuka kesho ya leo, na wakala anayepanga kumbukumbu kwa upya wake anaona zote zimezaliwa siku moja. Ingizeni thamani ya "iliundwa" wenyewe, na ile +03:00 (majira ya Afrika Mashariki) isidondoke. Wa pili ni "saa 3": mteja alimaanisha saa tisa ya Kizungu, lakini modeli nyingine itasoma 03:00 usiku. Kabla ya kuhamisha, pitieni kumbukumbu zenye "leo", "kesho", "juzi" na "saa", mziandike kwa tarehe kamili na saa 24. Ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna programu tunayoiamini kuifanya bila jicho la mtu.

SWALI: Nina kumbukumbu 10,000 na bando dogo. Faili la kutoa limefika MB 200 na ushei. Nifanyeje?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Umetoa na vekta kwa JSON. Vekta moja ya tarakimu 1,536 huchukua baiti 6,144 ndani ya hifadhidata, lakini kila tarakimu ikiandikwa kwa herufi hunenepa mara tatu au zaidi. Ziache. Maandishi 10,000 ya herufi 300 ni MB 3 tu, na gzip, programu ya kubana mafaili, itayabana zaidi.

SWALI: Nakala zetu tunaziweka kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ndani kuna namba za simu za wateja. Ni salama?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Si salama zikiwa wazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inawahusu. Fungeni faili kabla ya kulipandisha, kwa programu ya gpg inayolifunga kwa nywila: gpg -c nakala.jsonl.gz. Nywila ikae mahali pengine kabisa. Ikipotea, nakala imepotea. Tafuteni pia funguo za API (nywila ambazo programu hutumia kuingia kwenye huduma nyingine) ndani ya kumbukumbu, kwa sababu wakala huhifadhi chochote anachobandikiwa, mkizikuta mzibadilishe.

Kuna moja hamkuuliza. Mteja akiomba afutwe, mnamfuta kwenye hifadhidata hai, lakini yumo kwenye nakala ya mwezi jana na siku ya kurejesha atafufuka. Wekeni faili dogo la id zilizofutwa, bila majina, nje ya nakala, na kila mnaporejesha mfute tena id hizo kabla ya kumwasha wakala.