Kunukuliwa Mara Elfu Kadhaa Kuna Maana Gani?

SWALI: Assalamu alaykum. Mwanangu amemaliza shahada ya kwanza ya kemia hapa Zanzibar na sasa anatafuta msimamizi wa shahada ya uzamili katika spektrometria ya tungamo. Ana majina mawili. Wa kwanza kazi zake zimenukuliwa mara elfu kadhaa, wa pili hajafika hata mia tatu, naye anamtaka wa kwanza kwa sababu ya hesabu hiyo tu. Je, kunukuliwa ndicho kipimo cha ubingwa?
Mama wa mwanafunzi, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, mama yetu. Nianze na fani yenyewe, kwani hesabu hizo hazieleweki bila kuijua. Aliyewahi kupita karibu na kiwanda cha mafuta ya makonyo pale Wawi anaijua harufu ya yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu. Spektrometa huchukua chembe ya mafuta hayo, ikazitia molekuli chaji ya umeme, kisha ikazipanga kwa tungamo. Yujenoli huonekana kwenye 164, na pembeni yake hutokea alama ya 149, ambayo ni molekuli ileile iliyodondosha kipande cha 15. Mwenye kuzisoma alama hizo hutambua kilichomo ndani ya mafuta, hata kama kimechanganywa kwa siri.

Sasa nukuu. Kila aandikaye makala ya kisayansi hutaja kazi za wenziwe alizozitegemea, na kila kutajwa huko huhesabiwa. Eugene Garfield wa Marekani alianza kuchapisha faharasa ya hesabu hizo mwaka 1964, na mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akapendekeza kipimo cha h. Mtu mwenye makala tano zilizonukuliwa mara 40, 12, 5, 4 na 1 ana h ya 4, kwa kuwa makala zake nne zimefikia angalau nukuu nne kila moja. Kipimo hicho hakishuki kamwe, kwa hiyo humpendelea aliyetangulia kuanza kazi.

Hesabu hii inaonyesha jambo la kweli, yaani kazi ya nani inatumiwa na wengine, lakini huvutwa sana na makala za mbinu. Makala ya Lowry na wenzake ya mwaka 1951, iliyoeleza namna ya kupima protini, imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, kwa sababu kila aliyepima protini kwa njia hiyo aliitaja. Spektrometria ni fani ya mbinu, na ndiyo maana namba zake hukua upesi.

Tazama Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2002. John Fenn, aliyeonyesha jinsi molekuli kubwa za viumbe zinavyoweza kurushwa hewani kwa manyunyu yenye umeme bila kuvunjika, aliipokea akiwa na miaka 85, na makala yake ya mwaka 1989 imenukuliwa maelfu ya mara. Aliyetunukiwa pamoja naye, Koichi Tanaka, alikuwa mhandisi wa kampuni ya Shimadzu huko Kyoto, mwenye shahada ya kwanza tu na makala chache. Siku moja alichanganya kwa makosa gliserini na unga wa kobalti, akaona ni hasara kuutupa mchanganyiko ule, akaupima, na ndio uliomwezesha kuzirusha molekuli kubwa kwa mwanga wa leza bila kuvunjika. Karas na Hillenkamp wa Ujerumani walibuni njia iliyo karibu na yake, na ndiyo iliyoenea maabarani na kunukuliwa zaidi, ilhali tuzo hawakuipata. Mimi naona wao pia waliistahiki. Angalia basi, mama: aliyehesabu nukuu peke yake asingemwona Tanaka kabisa.

Kwa hiyo mwambie kijana azifungue makala tatu za huyo wa kwanza zinazonukuliwa zaidi, aone kama ni utafiti wake mwenyewe, ni mapitio ya kazi za wengine, au ni kazi ya waandishi thelathini ambayo yeye alishiriki kidogo. Aangalie pia hesabu ameitoa wapi, maana Google Scholar na Scopus, hazina mbili za mtandaoni zinazohesabu nukuu, hazitoi namba moja kwa mtu yuleyule. Kisha awaandikie wote wawili, awaulize kama wanafunzi wao huiendesha mashine kwa mikono yao, au hupeleka sampuli na kungoja majibu.