Kwa nini mtoto alizaliwa mzima? Maswali yenu kuhusu selimundu

Tangu niandike kuhusu selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopindisha chembe nyekundu za damu, ambao wengi wenu mnauita siko seli, ujumbe umekuwa ukiingia kila siku. Leo najibu sita. Mimi ni mtu wa maabara, kwa hiyo nitakaa zaidi upande ninaoujua: damu na kilichomo ndani yake.

Shikamoo dada. Mwanangu alizaliwa na kilo tatu na nusu, hana shida. Alipofika miezi saba vidole na nyayo vikavimba, akawa analia usiku kucha. Wamempima, ana selimundu. Bibi yake anasema ni kijicho cha watu, maana ugonjwa wa kurithi angezaliwa nao. (Mama, Sengerema)

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Bibi kaona sawa jambo moja: mtoto alizaliwa mzima kweli. Sababu ni kwamba mtoto akiwa tumboni hatumii hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kama yetu. Ana ya kwake, ya kichanga, inayojua kuivuta oksijeni kutoka kwenye damu ya mama, na kosa la selimundu halimo humo. Akishazaliwa, mwili unaanza kuizima ile ya kichanga taratibu na kuwasha ya kikubwa. Baada ya miezi kadhaa ya kikubwa inakuwa imeshika nafasi, na hapo ugonjwa uliokuwepo tangu mimba inatungwa ndipo unapojitokeza, mara nyingi ukianzia kwenye mikono na miguu kama ulivyoona.

Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aligundua kwamba chembe za damu za vichanga waliorithi tatizo hili hazipindi kama za mama zao. Akahisi kwamba hemoglobini ya kichanga ndiyo inayowakinga, na alikuwa sahihi. Mashariki mwa Saudi Arabia wapo watu wenye selimundu wanaobaki na hemoglobini ya kichanga kwa wingi hadi ukubwani, na kwa wengi wao ugonjwa huja kwa upole zaidi. Sehemu kubwa ya utafiti wa leo inazunguka swali hilo moja: iliyozimwa tuiwasheje tena?

Mweleze bibi taratibu. Kijicho kinahitaji mtu wa kulaumiwa, na hapa hayupo, wala wewe si wa kulaumiwa.

Hilo kosa la kwenye jeni ni kubwa kiasi gani? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tanga)

Ni herufi moja. Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146, yaani vipande vinavyounda protini. Kwenye nafasi ya sita ilitakiwa kukaa asidi ya glutamiki, imekaa valini. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba hemoglobini ya wagonjwa ni tofauti, wakauita ugonjwa wa molekuli. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha tofauti yenyewe ni hiyo moja tu.

Valini haipatani na maji. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo inajichomeka kwenye kishimo cha hemoglobini jirani, nayo jirani yake hivyo hivyo, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu ndani ya chembe. Ile ya kichanga haiingii kwenye nyuzi hizo, ndiyo maana inakinga.

Maabara tunachukua tone la damu, tunalichanganya na sodiamu metabisalfaiti inayomaliza oksijeni, tunafunika kwa kioo chembamba na kuziba kingo. Mwanzoni kwenye hadubini unaona visahani vya duara vimetulia. Ukirudi baadaye, vimechongoka ncha mbili, vimepinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Nimeviona miaka mingi, na kila mara namuwaza mtoto ambaye vitu vile vinakwama kwenye mishipa yake midogo. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi nyingi hazifiki 20.

Mimi na mchumba wangu wote tumeambiwa tuna AS. Tuachane? (Nairobi)

Huo ni uamuzi wenu. AS ni mtu mwenye jeni moja ya kawaida na moja ya selimundu, naye kwa kawaida haumwi; SS ana mbili za selimundu, na huyo ndiye mgonjwa. Ninachoweza kuwapa ni hesabu: kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Ni kila mimba, hata kama waliotangulia wote ni wazima. Ila kwanza hakikisheni mmepimwa nini. Kipimo cha kupindisha chembe nilichoeleza hapo juu kinaonyesha hemoglobini S ipo. Hakitenganishi AS na SS. Ombeni elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme.

Nasikia selimundu inazuia malaria. Ni kweli? (Bukoba)

Kuwa AS kunapunguza sana hatari ya malaria kali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha mwaka 1954, na ndiyo sababu jeni hii imejaa kwetu. Lakini mwenye SS malaria inamuua haraka. Alale kwenye chandarua kila usiku.

Daktari ameandika haidroksiurea. Nimesoma ni dawa ya saratani, nimeiweka kabatini. (Baba, Kisumu)

Itoe kabatini, kaka, urudi nayo kliniki mkazungumze. Ni kweli ilianzia kwenye saratani. Lakini kwenye selimundu inatumika kwa sababu inaamsha ile hemoglobini ya kichanga. Hofu ya kuitumia Afrika ilikuwepo hata kwa wataalamu: je, haitawaongezea watoto malaria na maambukizi mengine? Ikajaribiwa kwa watoto wa mwaka 1 hadi 10 huko Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Matokeo yalitolewa Desemba 2018: mashambulizi ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, kuongezewa damu kukapungua kwa theluthi mbili, malaria nayo ikapungua, na vifo pia. Inahitaji kupima damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe. Usikubali kupewa dawa bila vipimo, wala usiache kwa sababu ya jina la saratani.

Na ile tiba ya kuhariri jeni, Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, inafanya kazi ileile kwa njia nyingine: inadhoofisha BCL11A, protini inayozima hemoglobini ya kichanga. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na mgonjwa anapitia kwanza dawa kali za kuua uloto. Inaniuma kuiandika bei hiyo huku nikijua watoto wanazaliwa wapi. Ninachokifuatilia kwa hamu zaidi ni vidonge. Mwaka 2024 watafiti wa Novartis walieleza molekuli inayofanya seli ivunje protini iitwayo WIZ, na hemoglobini ya kichanga ikapanda kwa panya na nyani. Kwa binadamu bado ni safari.

Dada yangu aliye Marekani aliniachia chupa mbili za Oxbryta. Nizitumie? (Kijana, Dar es Salaam)

Hapana. Oxbryta ilikuwa dawa ya selimundu, na kampuni ya Pfizer iliiondoa sokoni duniani kote Septemba 2024, baada ya takwimu kuonyesha mashambulizi ya maumivu na vifo kuzidi kwa waliokuwa wakiitumia. Dawa hiyo ilifanya hemoglobini ishikilie oksijeni zaidi, na namba ya damu kwenye karatasi ya vipimo ilipanda vizuri, lakini namba hiyo haikutosha kumkinga mgonjwa. Kama umeshaanza kuimeza, usikae kimya nyumbani: nenda kliniki wiki hii, na chupa zote mbili uzibebe.