Kuku wa kupaka aive mpaka mfupani

Nyinyi mliohamia Mjini Unguja kwa masomo au kazi na sasa mnajipikia wenyewe, kuku wa kupaka, yule wa kuchoma anayepakwa mchuzi wa tui la nazi, ndiye wa kumwangalia sana. Moto wa seredani, jiko la makaa, ukiwa mkali, ngozi inababuka na kunukia huku paja likiwa bado bichi ndani. Ndiyo maana mimi humchemsha kwanza kwa thomu, tangawizi, chumvi na ndimu mpaka aive kabisa. Makaa hubakiwa na kazi ya kumkausha na kumtia harufu ya moshi.

Ndimu inakata shombo, haiui salmonela, vijidudu vya kuku vinavyoharisha. Kinachoua ni moto, na nyama ifike nyuzi joto 74 za Selsiasi pale penye unene, paja linapoungana na mwili. Huna kipimajoto? Choma hapo kwa ncha ya kisu: maji yatoke maangavu na kiungo kilegee ukikizungusha. Msitegemee rangi peke yake. Kuku wa kisasa huchinjwa mdogo, na uboho wake unaweza kuacha wekundu mfupani hata akishaiva. Kuku wa kienyeji ni habari nyingine: anaweza kuwa salama na bado asitafunike, basi mpeni muda na moto mdogo.

Kwenye mchuzi wa kumpaka, tui jepesi litangulie, zito liingie mwisho, na mkono usiache kukoroga, la sivyo linakatika.

Kuosha najua hatuachi, na kuku aliyechinjwa sokoni Darajani ana manyoya na damu ya kuondoa. Lakini msimweke chini ya bomba linalofoka, maana matone huruka mpaka kwenye kachumbari. Mwosheni ndani ya beseni, taratibu, kisha beseni, kisu, ubao na mikono vipite kwenye sabuni. Sahani iliyobeba nyama mbichi isipokee ya kuiva kabla ya kuoshwa.

Kuku wa barafu ayeyukie ndani ya friji, tangu jana yake. Kumwacha mezani kutwa nzima kwa joto letu ni kuwafuga vijidudu: nje kumeshalainika, ndani bado jiwe.

Mchuzi uliobaki uingie kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uive. Siku za kaskazi, joto likizidi nyuzi 32, usizidishe muda wa saa moja. Kesho yake uchemsheni mpaka utokote, vuguvugu haitoshi.