Divai ya Kumpa Mgeni Aliyeagiza Sambaza

SWALI: Mama Mhariri, nakusalimu. Mimi ni mhudumu katika mgahawa mmoja wa Ibanda, hapa Bukavu, karibu na ziwa. Wageni wengi huagiza sambaza za kukaangwa, wale samaki wadogo wa ziwani, kisha huniuliza ni divai ipi inayofaa kuandamana nazo, nami huwaonyesha ile ya bei ya juu kwa sababu sikufundishwa jambo jingine. Nyumbani tulizoea kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na divai niliiona altareni tu. Je, mtu asiye na fedha za kusomea kazi hii anaweza kujifunza kuonja? Na je, ni kweli kwamba samaki hapatani na divai nyekundu?
Mhudumu, Ibanda

JIBU: Anaweza, binti yangu, na sehemu kubwa ya mafunzo yenyewe haihitaji hata tone la divai. Chukua glasi mbili za maji, ukamulie kila moja kiasi kilekile cha ndimu, kisha utie kijiko cha sukari katika ya pili peke yake. Ukionja moja baada ya nyingine, ya pili itaonekana kuwa na uchachu mdogo zaidi, ingawa ndimu iliyomo ni ileile; na hivyo ndivyo sukari inavyoweza kuuficha uchachu wa divai. Baada ya hapo pika chai ya rangi, uyaache majani ndani mpaka iwe nyeusi kabisa, uinywe bila sukari. Ule ukavu unaoshika ulimi na ufizi unatokana na tanini, ambayo katika zabibu hukaa kwenye maganda na mbegu. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, ilhali zabibu za divai nyeupe kwa kawaida hukamuliwa kwanza, maganda yakaondolewa. Ndiyo sababu ukavu huo hauusikii sana katika nyeupe. Mtu anayetambua utamu, uchachu, ukavu wa tanini na joto la kileo kooni tayari anajua zaidi ya wengi wanaozungusha glasi mbele za watu.

Yanayobaki ni kazi ya pua. Bana pua yako huku ukila maracuja, yaani tunda la pasheni, kisha uiachie ghafla, nawe utajua kwamba mengi tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda kutoka kinywani. Maracuja nimeyataja kwa makusudi: divai nyeupe ya zabibu ziitwazo Sauvignon Blanc hunukia maracuja kwa sababu baadhi ya kemikali zinazoleta harufu hiyo zimo katika tunda na katika divai vilevile. Kwa hiyo jifunze majina ya harufu katika soko la Kadutu, wala usikariri matunda ya Ulaya ambayo hujawahi kuyashika. Binafsi humwamini zaidi mhudumu anayeniambia kwamba divai inanukia nanasi kuliko yule anayenisomea maandishi ya nyuma ya chupa.

Ukipata divai yenyewe, labda mabaki ya chupa ambayo mwenye mgahawa atakuruhusu kuyaonja, onja daima mbili kwa pamoja, kwa kuwa ulimi hujifunza kwa kulinganisha. Zitie kidogo katika glasi zinazofanana, na mwenzako akufiche ni ipi. Jambo hili si mchezo: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa masomo ya divai huko Bordeaux, Ufaransa, walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Macho yaliwatangulia pua.

Sasa sambaza. Samaki huyu, ambaye naye ni mgeni katika Ziwa Kivu kwa kuwa aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huliwa hapa akiwa amekauka kwa mafuta, pamoja na chumvi, ndimu na pilipili. Mafuta na chumvi vinahitaji divai nyeupe yenye uchachu wa kutosha, iliyopozwa vizuri, kwa sababu uchachu huo husafisha kinywa kama ile ndimu inavyofanya. Kuhusu divai nyekundu, ulivyosikia ni nusu ya kweli. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2009 kwamba madini ya chuma yaliyomo katika divai, ambayo mara nyingi huwa mengi zaidi katika nyekundu, huchangia ile shombo inayobaki kinywani baada ya kula vyakula vya majini. Chuma hicho hutofautiana kutoka chupa hadi chupa, hivyo mgeni anayependa nyekundu usimkatalie. Mpe iliyo nyepesi, yenye tanini kidogo, uipoze kidogo kabla ya kuimimina. Lakini akiwa amemwaga pilipili nyingi, mwepushe na divai yenye kileo kikali, kwani kileo huzidisha muwasho; nyeupe yenye utamu kidogo itamfaa zaidi, na ile ya bei ya juu huenda ikamharibia chakula.

SWALI: Wenzangu kazini wanataka tufanye mazoezi ya kuonja, lakini naogopa tutalewa kabla ya kujifunza lolote. Tufanyeje?
Msomaji, Kadutu

JIBU: Temeni. Waonjaji wa kazi hiyo hutema divai katika chombo kilichowekwa mezani, wala hakuna anayewaona kuwa wakosefu wa adabu. Fanyeni mazoezi kabla ya chakula, wakati pua bado iko macho, mkiwa na maji na mkate mtupu karibu. Anzeni na nyeupe, mmalizie na nyekundu, na zisizidi divai nne kwa kikao kimoja. Hata anayetema humeza kidogo, kwa hiyo aliyekuja na pikipiki airudishe siku nyingine.