Babu alifungwa kwa kosa gani?

Tangu niandike habari za babu yangu mzaa mama, aliyefungwa Tukuyu kwa kutoroka kazi ya mkataba, maswali yenu yamekuja kutoka Makete hadi Chunya. Wengi wenu mna babu au bibi ambaye jina lake likitajwa, wazee hugeuza mazungumzo. Leo najibu sita.

"Shikamoo Mwalimu. Marehemu baba alituambia babu yake alifungwa mnyororo boma la Iringa na kuchapwa hamsa ishirini. Kosa hakulitaja. Nianzie wapi?" (Mafinga)

Marahaba mwanangu. Usikimbilie Dar es Salaam kwanza. Anza na shangazi mkubwa wa ukoo kama bado yupo, umwache asimulie bila kumkatiza, kwa lugha anayoitaka yeye. Sikiliza maneno, kwa sababu maneno yana umri. Hamsa ishirini ni viboko 25 vya Mjerumani. Amri iliyotoka Berlin mwaka 1896 iliweka idadi hiyo kuwa kikomo cha kuchapwa kwa mara moja. Akisema faini ililipwa kwa rupia, uko kabla ya mwanzo wa miaka ya 1920. Akisema shilingi, uko kwa Mwingereza.

Kisha muulize: ilikuwa kabla au baada ya kifo cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe, 1898? Kabla au baada ya vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907? Kwa watu wa Uhehe swali la kwanza lina uzito wake. Mkwawa alisakwa porini miaka minne baada ya ngome yake ya Kalenga kuanguka mwaka 1894, kichwa chake kikatangaziwa zawadi ya rupia 5,000, na waliomficha au kumlisha waliadhibiwa. Sisemi babu wa baba yako alikuwa mmoja wao. Nasema usikubali neno "alifungwa" kabla hujajua ni mwaka gani na ni nani aliyemfunga.

Ukishapata kipindi, ndipo uende Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, mtaa wa Vijibweni. Huko kuna majalada ya Kijerumani na ya Kiingereza, pamoja na vile vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni, waliandika habari za machifu, koo na mipaka. Ujiandae pia kukosa. Taarifa za viboko zilizopelekwa Ujerumani zilihesabu watu kwa wilaya bila kuwataja majina, na vita vya 1914 hadi 1918 vilipoteza karatasi nyingi za maboma.

"Nimepekua majalada ya Kijerumani, jina la ukoo wetu halimo kabisa." (Tukuyu)

Huenda limo, ila limevaa nguo nyingine. Karani Mjerumani aliandika alivyosikia. Herufi w kwao hutamkwa kama v, kwa hiyo Mwa- inayoanza majina ya Kinyakyusa mara nyingi iliandikwa Mua-, na y yetu ikawa j. Hata Mkwawa mwenyewe yumo vitabuni kama Quawa. Tukuyu utafute kwa jina la Neu-Langenburg, na Wanyakyusa uwatafute kwa jina la Konde. Andika jina lenu kwa kila namna unayoweza kuisikia, kisha anza upya. Ongeza jina la ubatizo.

"Karatasi ya wilaya inasema babu alifungwa mara mbili kwa kutolipa kodi. Mdogo wangu anataka tulifute jambo hili kwenye kitabu cha ukoo." (Igurusi)

Msilifute. Hili ndilo ningependa tulizungumze kwa kirefu, kwa kuwa nusu ya barua zenu ni za aina hii.

Kodi ya nyumba ililetwa na Wajerumani mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba ya kijijini. Waingereza wakaendelea nayo kwa sheria ya 1922 ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Hesabu ilikuwa kwa nyumba, kwa hiyo mzee mwenye wake watatu alidaiwa mara tatu. Mahindi na ng'ombe anao, sarafu hana. Sarafu ilikuwa kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, au baadaye kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya. Ndivyo vijana wa Njombe, Rungwe na Songea walivyogeuka manamba, vibarua wa mkataba.

Na ukishakuwa manamba, kosa la pili linakusubiri. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya mfanyakazi aliyeondoka kabla mkataba haujaisha kuwa mkosaji wa jinai. Kitu ambacho leo tunakiita kuacha kazi, babu yangu alikilipia kwa kifungo. Alikuwa amepata habari kwamba mama yake anaumwa. Mama yangu alikaa na aibu hiyo miaka 60, akidhani baba yake alikuwa mwizi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kosa lenyewe. Alipolisikia, alilia.

Kwa hiyo andikeni: alifungwa, mwaka fulani, kwa sheria fulani, kodi ilikuwa kiasi fulani. Mdogo wako akisoma hayo yote pamoja hataona haya.

"Mwalimu, la kwangu ni zito. Babu mkubwa alinyongwa miaka ya 1930 kwa kumuua jirani, akimtuhumu kuwa mchawi. Wajukuu wa jirani huyo tunasali nao kanisa moja. Niseme?" (Mbozi)

Pole sana. Hapa siwezi kukupa maneno niliyompa wa Igurusi. Mtu aliuawa, na hakuna sheria ya mkoloni inayoweza kulipunguza hilo.

Kabla ya kusema, soma. Kesi ya mauaji haikusikilizwa na baraza la chifu. Ilikwenda Mahakama Kuu, na hukumu ya kifo ilipitia kwa Gavana kabla ya kutekelezwa. Kwa hiyo kesi za namna hii huacha karatasi nyingi kuliko za kodi. Ukiona kifungu cha 302, hiyo ni kanuni ya adhabu ya India iliyotumika Tanganyika mwanzoni. Baada ya kanuni ya 1930, mauaji ni kifungu cha 196. Ukikuta maneno ya babu ndani ya jalada, kumbuka yalitoka Kinyiha, yakapita Kiswahili, yakaandikwa Kiingereza. Usiyanukuu kana kwamba umemsikia yeye.

Kisha waambie wazee wa kwenu kwanza. Wakiafiki, nendeni wawili au watatu nyumbani kwa familia ile, kwa miadi, siku isiyo ya ibada. Jambo hili lisianzie kwenye kundi la WhatsApp. Kuna uwezekano mkubwa wanajua tangu utoto wao, na wamekuwa wakikutazama Jumapili hadi Jumapili wakisubiri uwaambie. Wakisema hawataki yaandikwe, jina la marehemu wao lisitoke kwenye daftari lako. Lakini wewe lijue, na ulitamke mnaposali nyumbani.

"Daftari la kanisa linaonyesha bibi 'ametengwa'. Aliiba?" (Rungwe)

Si lazima. Kutengwa ni nidhamu ya ushirika: pombe, tambiko, ndoa ya mitala. Geuza kurasa za miaka inayofuata utafute aliporudishwa. Wamoravian wako Rungwe tangu 1891, na taarifa nyingi za wamisionari wao zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani.

"Mahakama ya mwanzo wamenijibu hawana kesi za miaka ya 1950." (Iringa)

Wamekujibu kweli. Mahakama za mwanzo zimetokana na sheria ya 1963. Kabla yake kesi ndogo zilikuwa kwenye mabaraza chini ya machifu. Uliza karatasi za wilaya kule Upanga, kwa kuwa nyaraka za serikali hufunguliwa zikitimiza miaka 30. Nenda na kitambulisho, jina la chifu wa wakati huo na mwaka wa kukadiria, kwa sababu bila jina la chifu hata mhifadhi mwenye moyo wa kukusaidia hatajua avute jalada lipi.