Makala 180 kwa Makala 45: Nani Mkemia Bora?

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma shahada ya uzamili katika kemia ogania, na natakiwa kuchagua msimamizi kati ya maprofesa wawili. Wa kwanza ana makala 180 na fahirisi ya h ya 30. Wa pili ana makala 45 tu, ila fahirisi yake ni 27. Wenzangu wanasema wa kwanza ndiye bingwa. Je, ni kweli?
Mwanafunzi wa uzamili

JIBU: Ndugu msomaji, fahirisi ya h, yaani kipimo cha wingi wa makala za mtafiti na jinsi zinavyorejelewa (kutajwa) katika makala nyingine, ilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Ili kuipata, makala za mtafiti hupangwa kuanzia iliyorejelewa mara nyingi zaidi, kisha unashuka hadi pale ambapo nafasi ya makala inazidi idadi ya marejeo yake. Tuseme mtu ana makala sita zilizorejelewa mara 40, 22, 9, 5, 4 na 1. Makala ya nne ina marejeo matano, kwa hiyo inahesabiwa. Ya tano ina manne tu, basi tunaishia hapo na fahirisi ni 4. Hata kama ile ya kwanza ingerejelewa mara 4,000 badala ya 40, jibu lingebaki 4 vilevile.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo wakemia wa ogania wanapopunjwa, kwa kuwa katika fani yao njia moja nzuri yaweza kuzihudumia maabara za dunia nzima. Mwaka 1978 W. Clark Still na wenzake wawili walichapisha makala ya kurasa tatu kuhusu kromatografia, yaani njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika: bomba la kioo hujazwa silika laini, kiyeyushi husukumwa kwa shinikizo la hewa, na mchanganyiko uliokuwa ukichukua saa nyingi kutenganishwa hutengana kwa takriban dakika 10 hadi 15. Makala hiyo imerejelewa mara maelfu, na bado wengi wanaoitumia njia hiyo kila siku hawaitaji tena makala yenyewe, maana imekwisha kuwa kazi ya kawaida.

Aina ya makala nayo ina uzito wake. Akira Suzuki na Norio Miyaura walitangaza mwaka 1979 mmenyuko wa kuunganisha kaboni na kaboni kwa kutumia paladi na misombo ya boroni, nao ukamfikisha Suzuki kwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 2010, pamoja na Richard Heck na Ei-ichi Negishi. Hata hivyo, makala yao iliyorejelewa kupita zote, zaidi ya mara 10,000, ni ya mapitio, yaani inayokusanya na kufupisha kazi zilizotangulia, waliyoiandika mwaka 1995, kwa sababu mwandishi anayeitaja hiyo moja hahitaji kuzitaja nyingine nyingi za awali.

Sasa tuwatazame maprofesa wako. Wa pili ana makala 27 kati ya 45, yaani zaidi ya nusu, ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 27. Kwa wa kwanza, makala zilizofikia kiwango cha 30 ni moja tu kati ya kila sita. Kumbuka pia kwamba fahirisi hii haishuki kamwe, hivyo aliyeanza kazi mapema ana faida, na kwamba kiongozi wa maabara kubwa huandikwa jina karibu katika kila makala inayotoka humo.

Mimi ningeelekea kwa wa pili, lakini si kabla ya kusoma makala tano zinazoongoza za kila mmoja. Tazama ni ngapi ni za mapitio, na marejeo mangapi yanatoka kwa mwenyewe na wanafunzi wake. Kisha tafuta maabara nyingine iliyorudia mmenyuko wake, ulinganishe kiasi cha zao la mmenyuko (kemikali iliyopatikana) ilichopata na kile alichokitangaza yeye.